Breki za Akala

Nyangi aligundua kwamba hana breki akiwa katikati ya mteremko wa kuingia sokoni Kehancha, mtungi wa maziwa umefungwa nyuma ya baiskeli. Alibana breki mpaka vidole vikauma, lakini raba zilikuwa zimekwisha na chuma kikasagana na chuma. Akaburuta patipati za miguuni chini huku akipiga kelele, "Nipisheni! Nipisheni!" Watu wakapisha. Mbuzi wakapisha. Rundo la viazi vitamu halikupisha.

Hakuumia, wala maziwa hayakumwagika. Viazi aliviokota mwenyewe, huku mwenye viazi akicheka mpaka akakaa chini.

"Raba za dukani ni laini kama chapati," Nyangi alilalamika njiani, akiikokota baiskeli. "Nitatengeneza zangu."

Nyumbani alitafuta raba ngumu kila pembe asiipate. Kisha akaziona akala za mumewe, Maroa, zimeegemea ukuta. Zilikatwa kwenye tairi la lori, na kisigino peke yake kilikuwa kinene ajabu. Maroa alikuwa anaoga. Nyangi akachukua kisu.

Kipande cha kwanza kilikuwa kinene mno, gurudumu likagoma kuzunguka. Akakichonga pole pole, akakipachika tena kwenye kishikio chake cha chuma, akakaza nati. Alikuwa ndiyo kwanza amekaza cha pili Maroa alipotokea, akala miguuni, akitembea kama mtu anayepanda ngazi kwa upande mmoja.

"Mama Mniko, mguu wangu umekuwa mfupi?"

"Hapana, Baba Mniko. Ni kiatu."

Maroa alivua akala, akaitazama, akafungua kinywa kufoka. Nyangi hakungoja. Akainua baiskeli, akazungusha gurudumu la mbele kwa nguvu, akabana breki. Gurudumu likasimama papo hapo.

"Hebu tena," Maroa akasema.

Mara ya tatu akamnyang'anya baiskeli, akatoka nayo barabarani. Nyangi alisikia kishindo, kisha kimya, kisha kicheko. Mumewe akarudi akiikokota baiskeli, shati limejaa vumbi.

"Inashika," alisema. "Inashika mpaka inakutupa."

"Nipunguze?"

"Punguza kidogo." Akaketi kando yake, akalishika gurudumu lisicheze. Baadaye akavua na akala ya pili. "Kata za gurudumu la nyuma hapa. Kisigino kimoja kitaniua kiuno."