Sebule Tupu ya Watiri

"Shika hapo kwa dirisha, usiachilie," Phyllis alisema, akirudi kinyumenyume na utepe wa kupimia mkononi. Wakonyo akabana ncha ukutani. Walikuwa wakiangalia kama sofa ya kona itaenea, au itabidi fundi aipunguze.

Watiri alisimama mlangoni na mtungi mtupu, ametoka kupeleka maziwa, akitazama sebule yake ikipimwa. Viti vyake havikuwepo.

Katika chama chao cha kuchangiana pesa cha Tetu, zamu ikikufikia hupewi pesa mkononi. Unanunuliwa kitu, kila mtu kitu kile kile, na kinaletwa kwa nyimbo. Kile chako cha zamani anakichukua mwenye zamu inayofuata. Mwanzoni sheria hiyo iliokoa wengi, maana pesa taslimu zilikuwa zikiishia kwenye baa na waume. Yalianza masufuria, yakaja matangi ya maji, zikaja televisheni. Mwaka huu ni sofa. Ndiyo maana Wakonyo, mwenye zamu inayofuata, alikuwa ameshavibeba viti kwa mkokoteni kabla mwenyewe hajarudi.

"Mama Sophie," Watiri akamwambia Phyllis, "si niliwaambia sitaki sofa?"

"Ulisema ukicheka."

"Nilicheka kwa sababu nyinyi mlicheka."

Phyllis akauachia utepe, ukajikunja wenyewe. "Haya, sema tena. Hakuna anayecheka."

"Nataka zamu yangu inilipie masomo ya Jumamosi pale Gatitu. Niliachia darasa la saba nikaenda kuchuma chai. Nataka kumaliza sekondari."

"Ukishamaliza?"

"Nitakuwa nimemaliza."

"Ai, Mama Kihara! Na vile uko na wajukuu! Sofa wageni wataiona. Hiyo hesabu ya kichwani tutaiona wapi? Ati tuitandikie kitambaa?"

Wakonyo alicheka mpaka akakaa sakafuni, kwani hapakuwa na mahali pengine pa kukaa.

Watiri hakukasirika. Phyllis ndiye aliyemkamulia ng'ombe siku zote alizolazwa hospitalini, na hakuwahi kumkumbusha. Ingekuwa rahisi zaidi kumkatalia adui.

"Nimebadilisha masufuria," akasema polepole. "Nimebadilisha tangi na televisheni. Kila mara nyumba inakuwa mpya, na anayeifagia ni yule yule wa darasa la saba. Safari hii nyumba ingoje."

"Chama hakinunui kitu kisichoonekana. Ukikataa sofa zamu inapita, na wewe uko nje."

"Basi ipite."

"Na hiyo shule utalipa na nini?"

"Nitauza ndama."

Wakonyo akaacha kucheka. "Yule mweupe? Si ulisema ndiye atachukua nafasi ya mamake?"

"Nilisema." Neno lilikuwa limeshatoka, na hakulirudisha.

"Wageni watakaa wapi?" Phyllis akauliza. Sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli.

"Watasimama. Wakichoka, wana kwao."

Wakonyo akajikung'uta vumbi. "Nikurudishie viti, Mama Kihara?"

"Kaa navyo. Niletee kimoja tu, kile chenye mgongo mzima. Nitakaa sana."

Phyllis alitoka bila kuaga. Alipofika langoni akageuka. "Ukifeli usije kulia kwangu!"

"Nikifeli nitarudia!" Watiri akamjibu, kwa sauti ambayo majirani hawakuwa wamewahi kuisikia kutoka kwake.

Wakonyo alileta kiti, akakiweka chini ya dirisha na kwenda zake. Watiri akanawa mikono, akatoa kitabu cha hesabu alichoachiwa na kitinda mimba wake, akakaa. Hesabu ya kwanza ilikubali. Ya pili aliifuta, akaianza upya, akaifuta tena. Alipogundua kosa lake aliguna peke yake, akaandika mstari mwingine, kisha alama ya "sawa na".

Zizini ng'ombe alikuwa akilia kwa kuchelewa kukamuliwa, na mwanga wa dirishani ulikuwa umefifia. Watiri aliitazama ile alama, ambayo mbele yake hapakuwa na jibu bado. Akaweka kalamu juu ya ukurasa ili asipoteze mahali. Ataendelea kesho.