Beseni Likishuka

Mamy alikuwa kiziwi tangu utotoni, na macho yake yalifanya kazi ya masikio pia. Kila asubuhi alichuchumaa kando ya bwawa la tilapia la dada yake Adolphine, huko Mikelenge, akitazama. Mdiria akipita juu, samaki mmoja hugeuka, ubavu wake hung'aa, na kundi zima hugeuka naye. Wale wa nyuma hawakumwona ndege hata kidogo. Wamemwona mwenzao tu, basi.

Wakati wa vita wanawake wa sokoni waliishi vivyo hivyo. Kupiga kelele kulikuwa kujiitia risasi. Kwa hiyo aliyeona askari alishusha beseni kutoka kichwani hadi kiunoni, aliyemwona akashusha lake, na soko likatawanyika kimyakimya. Kila mara Adolphine alimshika Mamy mkono wakakimbia pamoja. Hakumwacha hata siku moja.

Vita vilikwisha, wanasema. Mamy hakurudi sokoni, na nyumbani hakuna aliyethubutu kushusha beseni mbele yake, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mwaka huu Adolphine akachoshwa na woga huo. Alitaka mdogo wake auze samaki, acheke na wateja, aishi kama watu. Alimbembeleza kwa ishara za mikono mpaka akakubali.

Ndiyo kwanza wanaingia sokoni, Adolphine mbele, shingo yake ya uzee ikamkata. Bila kufikiri akashusha beseni kiunoni.

Mamy akatupa lake, akatimua mbio. Muuza mihogo akamwona, naye mbio. Soko zima likageuka, hata wasichana waliozaliwa baada ya vita, na hao ndio waliokimbia kuliko wote.

"Mama Adolphine, umeona nini?" akauliza Onema, muuza chumvi, huku akikusanya vitu vyake.

"Hapana kitu. Ni shingo tu njo inaniuma."

"Kama hapana kitu, juu ya nini watu wanakimbia?" Akaondoka bila kungoja jibu.

Adolphine peke yake ndiye aliyejua kwamba hakuna kitu. Akatazama barabara, haina askari. Akatazama migongo ya watu, na hofu ikamwingia: labda wao wameona asichokiona yeye. Akaweka beseni chini, akaanza kukimbia, akijiambia kwamba anamfuata Mamy tu.

Alimkuta kwenye reli, ameanguka, amemnyoshea mkono. Adolphine aliuona ule mkono vizuri kabisa. Akaruka reli, akampita.