Iache Ikauke

Lugusha alikaa kwenye benchi la zahanati mpaka wagonjwa wengine wote wakaondoka, ndipo akasogea mezani na kunong'ona kwamba anawashwa.

"Wapi?" aliuliza Usi, dresa, mfunga vidonda wa zahanati ile ndogo ya mtaa wa Malindi, mjini Unguja.

Lugusha akatazama sakafu.

Alikuwa mchukuzi wa bandarini, mtu wa makamo, Mnyamwezi aliyekuja Unguja kuchuma karafuu mwaka 1951 na miaka mitatu baadaye alikuwa bado hajarudi. Kwao hawatahiri. Nyuma ya pazia Usi aliona ngozi ya mbele imekuwa nyekundu, na chini yake utando mweupe wenye harufu.

"Unaoshaje?"

"Juu juu, na sabuni ya kufulia. Wenzangu wakasema nitie na limau."

"Ukatia?"

"Nikatia."

"Ikawaje?"

"Niliimba, daktari."

Usi alijizuia asicheke. Alikuwa amefunga vidonda kwa miaka kumi na moja, na vitabu vya tiba alikuwa akiviazima na kuvisoma peke yake, neno kwa neno. Hakukumbuka hata kimoja kilichoeleza mtu kama huyu ajioshe vipi. Yeye mwenyewe alitiwa jandoni akiwa mdogo sana, na kadhalika kila mwanamume wa kwao. Hata jina la ngozi ile, ambalo mjini lilikuwa tusi, ilimbidi alizunguke. Basi akafikiri polepole, kama alivyozoea. Palipofunikwa hukusanya uchafu. Uchafu hutolewa kwa maji. Penye maji pataka kukaushwa.

"Sikiliza, ndugu yangu. Limau basi, na sabuni kali basi. Kila asubuhi vuta ngozi nyuma taratibu, usiilazimishe. Osha kwa maji ya vuguvugu matupu. Kisha iache ikauke."

Lugusha aliyarudia maneno yale mara mbili, akashukuru, akaenda zake.

Kesho yake adhuhuri alirudi ameshikwa mkono na mchukuzi mwenzake, Miraji, akitembea miguu imeachana.

"Dresa, n'lete mkeka?" alisema Miraji. "Naona mwenzetu keshaingia jandoni bila ya ngoma."

"Miraji, kaa nje."

"Mie n'nasaidia tu."

"Saidia huko nje."

Nyuma ya pazia Usi aliinama kutazama. Ngozi ilikuwa imekwama nyuma ya kichwa cha uume, imevimba na kubana kama pete iliyoingia kidole kinene. Kichwa chenyewe kilianza kubadilika rangi. Alijua maana yake: damu ikizuiliwa sana, nyama hufa.

"Hii isiporudi sasa hivi, itabidi nikupeleke hospitali kubwa, na huko huenda wakaipasua."

"Wasinikate." Lugusha alimshika mkono. "Mimi ndiye mkubwa nyumbani kwetu. Nikirudi na alama ya watu wengine, mama nitamwambia nini?"

"Imekuwa hivi tangu lini?"

"Alfajiri. Nilivuta, nikaosha, nikaiacha ikauke. Nikabeba magunia nayo ikiwa hivyo hivyo."

"Hukuirudisha?"

"Hukusema niirudishe. Ulisema iache."

Usi alihisi masikio yakimwaka. Kidonda huachwa wazi kikauke; hivyo ndivyo alivyokuwa akiwaambia watu miaka yote. Na yeye mwilini mwake hakuwa na kitu cha kurudisha.

"Kosa ni langu," alisema. "Utaumia kidogo. Ukitaka nisite, sema."

Alilowesha kitambaa kwa maji ya mtungi, akakizungushia pale palipovimba, akakamua kwa kiganja, polepole, bila ya kuachia. Alihesabu dakika kwenye saa ya ukutani. Tano. Saba. Lugusha alitafuna ukosi wa shati lake. Kufikia dakika ya kumi na mbili uvimbe ulikuwa umenywea. Usi akapaka mafuta, akasukuma kichwa ndani kwa vidole gumba huku vidole vingine vikivuta ngozi mbele. Haikwenda. Akakamua tena, dakika tano nyingine, akasukuma tena.

Ikateleza ikarudi mahali pake.

Lugusha alishusha pumzi ndefu, kisha akaanza kucheka, na machozi yanamtoka.

"Siku zote ikitokea ukaivuta," Usi aliuliza, "huwa unairudisha?"

"Papo hapo. Ni kama kufumba jicho, nani anakumbuka?"

"Leo mbona hukuirudisha?"

"Nilidhani ndiyo dawa."

Usi alimwambia asiivute siku kadhaa mpaka ipoe, na ikivimba tena aje usiku au mchana. Baada ya hapo aivute, aioshe, aifute kwa kitambaa laini, airudishe. Neno la mwisho alilitamka mara tatu.

Wiki ya pili Lugusha alirudi mzima, na Wanyamwezi wawili nyuma yake ambao hawakutaka kukaa. Usi alipofungua kinywa, Lugusha alimwomba radhi, akawaeleza mwenyewe kwa lugha yao, akionyesha kwa kidole alichokifunika kwa pindo la shati. Usi aliifuata mikono yake kwa macho: vuta, osha, futa, rudisha. Kisha Lugusha akafanya ishara nyingine, ya kukung'uta, na wale wawili wakaitikia kwa vichwa kama jambo linalojulikana.

"Ngoja," Usi alisema, akivuta kiti karibu. "Hiyo ya mwisho ni nini? Mbona mie hukuniambia?"

"Ya baada ya kukojoa, tone lisibaki ndani," alisema Lugusha; "nani angedhani hujui?"