Raba Iliyopakwa Samli

Projestus alikuwa na mikono myepesi, ila ulimi wake ulikuwa mwepesi zaidi. Ufundi hakufundishwa na mtu. Aliupata kwa kufungua na kufunga pikapu aliyoachiwa na marehemu baba yake, gari kuukuu ambalo mvua ya Izimbya ililinyeshea ndani sawa na nje. Asubuhi ile alibandua raba zote za madirisha, zilizokauka na kupasuka kama visigino vya mkulima, akaweka mpya alizozifuata Muleba.

Raba ya kioo cha nyuma ndiyo iliyomtoa jasho. Hiyo ndiyo inayokishika kioo chenyewe, na haiingii kwa nguvu. Huingizwa kwa kamba na maji ya sabuni. Sabuni ilikuwa imekwisha. Akaingia jikoni, akachota samli kwenye kibuyu cha mama yake.

"Wewe Projestus!" Mama Anatolia alimfuata hadi migombani. "Samli ya ng'ombe unalipaka gari? Utatuitia siafu."

"Mama, siafu hawana leseni. Tazama kazi hiyo! Sasa hata mbu akitaka kuingia humu atapiga hodi."

Ili kuthibitisha, alimpandisha kwenye kiti Joanitha, binti wa miaka mitatu wa dada yake. "Mimi namwaga maji juu. Ukiona tone, piga kelele. Sawa?"

"Sawa, mjomba."

Akafunga mlango, akamwaga ndoo ya kwanza, ya pili, hadi ya tano. Maji yalitiririka yakazama kwenye nyasi zilizotandazwa shinani mwa migomba. Ndani kukavu. Joanitha alicheka, akichezea vidude vya kufungia milango.

"Basi, shuka." Projestus akavuta mlango. Umefungwa. Akazunguka upande wa pili. Nao umefungwa, na ufunguo unaning'inia kwenye swichi.

"Joanitha, vuta hicho kidude juu."

Mtoto akakibonyeza chini, akacheka tena.

Hapo Projestus akasikia moto kwenye kifundo cha mguu. Akatazama chini. Nyasi zilikuwa zinatembea. Maji yake yalikuwa yamewatoa siafu shimoni, na harufu ya samli ikawaonyesha njia. Mstari mweusi ulishapanda gurudumu. Wengine walitambaa kwenye vioo, wakitafuta upenyo wasiupate, na kwa pumzi moja tu alijisifu moyoni.

Kisha akaikumbuka sakafu. Chini ya miguu ya mtoto palikuwa na tundu la kutu kubwa kama ngumi, alilolifunika kwa kipande cha gunia.

"Mjomba, inachoma! Mjomba!"

Mwaka jana siafu waliingia kwenye banda la kuku la jirani. Asubuhi yalikutwa manyoya tu. Projestus akaokota jiwe, akaliinua mbele ya kioo cha mlango.

"Usivunje!" Mama alipiga yowe. "Vigae vitamwingia machoni!"

Jiwe likamponyoka. Akarukia bodi ya pikapu, siafu wakimng'ata hadi mapajani, akachomoa kisu mfukoni, akakichomeka kwenye raba mpya ya kioo cha nyuma. Aliichana pembe moja, akaishika kwa mikono miwili, akavuta. Samli ile ile ikaitelezesha yote, ikatoka kama utumbo wa samaki. Akakisukuma kioo, kikaangukia ndani juu ya kiti kitupu, kizima. Akaingiza mwili hadi kiunoni, akamkamata Joanitha kwapani, akamchomoa.

Walikimbia hadi uani. Mama akamvua mtoto gauni, wakang'oa siafu mmoja mmoja miguuni, wengine wakikatika na kuacha vichwa vimeuma ngozi. Projestus alipiga magoti, akavichomoa vichwa hivyo kwa kucha.

Joanitha alimeza kwikwi, akamshika sikio.

"Mjomba," alisema, "sikuona tone."