Uji wa Julai

Julai ya Kibugu haina mchezo. Ukungu unashuka kutoka msituni, unakalia majani chai, na kuondoka haujui. Lakini mwaka huu Ruguru hakuwa na habari na baridi. Mwanawe Muchangi alikuwa amepata mtoto wa kwanza, msichana, na kwa desturi ya Waembu mtoto akapewa jina la mama yake baba. Ruguru mdogo! Bibi mtu alishinda akijiita na kujiitikia mwenyewe, majirani wakachoka naye.

Simu moja ndiyo iliyotia mchanga kitumbua chake. Ilitoka Embu mjini, kwa Gladwell, mama mzazi wa Maxine, yule mke wa Muchangi. Gladwell ni mwenye duka, na huyo haongei, anatangaza.

"Mama Muchangi, Jumamosi nakuja! Huko kwenu hakuna jua, hakuna soko, mzazi atakula nini? Nikimkuta msichana wangu amekonda, nambeba yeye na mtoto mpaka baridi iishe."

Ati awabebe! Moyo ulimruka Ruguru. Na nani alimwambia huyo mama kwamba chakula huota sokoni? Nduma, yale magimbi ya mtoni, zilikuwa tele kando ya mto. Njahi, maharage meusi ya kumrudishia mzazi nguvu, alizivuna mwenyewe, akazikausha, akazihifadhi kwa majivu. Malenge yalikuwa yamejipanga darini jikoni, yanangoja zamu yao. Maxine alikuwa akilishwa mpaka anaomba msamaha.

Shida ilikuwa uji. Katika boma la Ruguru, anayekuja kuona mtoto hupewa uji wa wimbi uliochachuka kwenye kibuyu, mkali wa kukunja uso. Ukimpa uji uliopooza, ni kama kumwambia hukumngoja. Basi Ruguru alisaga wimbi lake, akakoroga, akajaza kibuyu na kukiweka karibu na moto. Kisha akaenda kuchuma majani chai, na kwa furaha yake akasahau kumwambia mtu achochee kuni. Aliporudi Ijumaa jioni, moto ulikuwa umezimika kitambo. Akaonja. Maji na unga, basi.

"Woi, Maxine, nimekwisha! Baridi hii, kibuyu kinataka joto la mwili wa mtu. Mama yako nitampa nini kesho?"

Maxine alikuwa akinyonyesha. Alikitupia kibuyu jicho, akarudi kwa mtoto wake. Ruguru akajua, au akadhani anajua: msichana wa mjini huyu, anangoja kukuche aende zake. Akaenda kulala roho ikimuuma.

Asubuhi kibuyu hakikuwepo jikoni. Alitafuta ghalani, akatafuta mpaka kwa ng'ombe. Bado anazunguka, gari la kukodi likapiga honi. Gladwell huyo, makoti mawili mwilini na kapu la mboga za sokoni mkononi, moja kwa moja hadi chumbani.

Maxine alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Upande huu mtoto. Upande ule, uvimbe mwingine mkubwa kuliko mtoto.

"Yesu wangu! Kumbe ni mapacha na hamkuniambia?" Gladwell akavuta blanketi.

Kibuyu kikatokeza kichwa. Kilikuwa kimevalishwa kofia ya sufu ya mtoto, na povu linachungulia kwenye kizibo.

"Mama, kifunike! Kitapatwa na baridi!" Maxine akamaka.

Ruguru alicheka mpaka akashikilia mlango. "Umelala nacho, Maxine?"

"Si ulisema kinataka joto la mtu? Mimi mjini siendi, mama. Njahi nitapikiwa na nani huko?"

Hapo Ruguru alilia huku anacheka, hata yeye hakujua kipi kilianza. Akakinyakua kibuyu, akakimbilia jikoni kuchemsha.

Gladwell alikunywa, akakunja uso kweli kweli, akanyoosha kikombe aongezwe. Akala nduma, akala njahi, akamshika Maxine mashavu yaliyonona. Kapu lake la mboga lilibaki mlangoni bila kuguswa. Mwishowe akamwita dereva dirishani.

"Wewe rudi tu. Utanichukua Jumatatu."

Kisha akajikunyata ndani ya makoti yake yote mawili. "Sasa na baridi hii mimi nitalala wapi?"

Maxine akapapasa kitanda kando yake. "Hapa, mama. Kibuyu kimetoka, na bado pana joto."