Dawa ya Saa Moja Asubuhi

Fundi cherehani aliketi mbele ya daktari mtafiti, uongo wake tayari mdomoni. Mwaka mzima utafiti ulimpa dawa za moyo bure, na mwaka mzima miguu yake ilizidi kuvimba.

"Dawa unameza?"

"Nameza, daktari. Kila siku, saa moja asubuhi."

Daktari akashusha pumzi. Makarani na walimu waliopewa dawa hiyohiyo walikuwa wakipata nafuu. Mafundi wa kiwandani, wapi! Wawili walishazikwa. Kwenye fomu zao alikuwa akiandika neno moja: mkaidi. Mkaidi wa mara tatu huondolewa kwenye utafiti, na fundi alishaandikwa mara mbili. Kalamu ikainuliwa.

Wifi yake, fundi mwenzake aliyemsindikiza, uzalendo ukamshinda.

"Wifi, mficha maradhi kilio humfichua! Unasema, au niseme mimi?"

"Nyamaza, we!"

"Sinyamazi. Daktari mwanangu, dawa yako inakojoza kama bomba lililopasuka. Sisi kiwandani chooni ni mara moja, saa sita, na ufunguo anao msimamizi. Sasa huyu ameze saa moja, ajimwagie juu ya mashati ya watu?"

Muuguzi aliyeshika kipimo cha presha akaangua kicheko, kisha akakikata ghafla. Fundi alitamani sakafu immeze.

"Ni wewe peke yako?" daktari akamuuliza.

"Sote," akajibu kwa sauti ndogo. "Tunameza Jumapili tu, siku ya mapumziko."

Daktari akaiweka kalamu chini. Fomu yake ilikuwa na maswali sitini, na hakuna hata moja lililouliza habari za choo.

"Kazini mnatoka saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Basi meza ukishafika nyumbani. Dawa haina haraka. Mwenye haraka nilikuwa mimi."

Akaagiza fomu za mafundi wote arobaini na mmoja, akaanza kulifuta lile neno, fomu moja baada ya nyingine.

Wiki tano baadaye fundi alipanda ngazi za kliniki, ghorofa mbili, akimsema msimamizi njia nzima bila kutua.

"Wifi, taratibu!" Wifi yake alikuwa nyuma, anahema.

"Taratibu ya nini? Daktari anamwandikia mwenye kiwanda barua ya choo. Maneno ya kuandika namtajia mimi mwenyewe."