Koplo Ngari Apimwa Mguu

Koplo mstaafu Ngari alipoteza mguu akiwa jeshini, lakini siku ya kupimwa mjini Embu aliingia kikakamavu, mguu wa bandia ndani ya buti lililong'aa.

"Chechemea, Baba Kawira," mkewe Wambura alimnong'oneza. "Watatunyima fidia."

"Mbele ya meja? Siwezi."

Daktari, meja mwenye miwani, alimkagua kwa shaka. "Mzee, mbona uko sawa kabisa?"

"Niko sawa, afande."

Wambura akaona fidia inawaponyoka. Akatoa amri ambayo mumewe huwapa mbuzi wao kila asubuhi: "Koplo, nyuma geuka!"

Ngari akageuka papo hapo. Mguu wa bandia haukugeuka. Buti lilibaki likimtazama meja.

Meja alicheka mpaka miwani ikamdondoka, kisha akaidhinisha fidia.

"Na mama huyu," akauliza, "alistaafu na cheo gani?"